Mdudu Huyu Jina Lake Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutambua Mbawakawa wa Unguja na Pemba

Masika yakianza tu, simu yangu haikai kimya. Dundu limeangukia sahani ya wali Makunduchi, mdudu wa kijani mwenye miguu myekundu amekutwa kwenye mbata Wete, mtoto amerudi skuli na kopo lenye kitu chenye pembe. Maswali yanayokuja na picha hizo ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyajibu hapa kwa pamoja. Soma kwanza, ndipo utume.

Nimetuma picha tangu juzi. Mbona hunipi jina?

Pengine kwa sababu silijui. Mbawakawa waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni kama 400,000 duniani, yaani katika kila spishi nne za wanyama zilizoandikwa, moja hivi ni mbawakawa. Hakuna mtu anayewajua wote, na anayekujibu papo kwa papo kwa kila picha unayomletea, mtilie shaka.

Jina lina ngazi. Kuna familia, chini yake jenasi, chini yake spishi. Picha ya kawaida ya simu mara nyingi hutufikisha kwenye familia, ikiwa nzuri kwenye jenasi, na kwa wadudu wachache wenye sura ya pekee, kwenye spishi. Nikikwambia "huyu ni fukusi" nikaishia hapo, usidhani nimefanya uvivu. Nimesimama pale picha yako iliposimama. Nikikuongezea jina la pili la Kilatini kwa kubahatisha, utaliandika kwenye ripoti, mwenzako atalinakili, na baada ya miaka mitano itakuwa kazi kubwa kulifuta.

Nitajuaje kwanza kwamba ni mbawakawa, si mende wala mdudu mwingine?

Mtazame mgongo. Mbawakawa ana mabawa mawili magumu ya juu yanayokutana katikati kwa mstari mmoja ulionyooka, kama milango miwili ya kabati. Mabawa laini ya kurukia yamekunjwa chini yake. Mende mabawa yake hulaliana, moja juu ya jingine, na vipapasio vyake ni virefu kama uzi. Jamaa za kunguni na wadudu wanaonuka mabawa yao hulaliana yakafanya umbo la herufi X mgongoni, na mdomo wao ni mrija wa kufyonza uliokunjwa chini ya kifua. Mbawakawa ana taya za kutafuna.

Nimeletewa mara nyingi yule mdudu wa kahawia anayefyonza vidaka vya nazi hadi vikapukutika, nikaulizwa ni mbawakawa gani. Si mbawakawa. Huyo ni Pseudotheraptus wayi, ana mrija, na jina lake la pili limetokana na Michael Way, mtafiti aliyefanya kazi hapa Zanzibar miaka ya 1950 akichunguza jinsi sisimizi wa maji moto wanavyoilinda minazi dhidi yake. Kwa hiyo ukiona maji moto kwenye mnazi wako, usiwachome haraka.

Kuna mbawakawa wanaokiuka sura niliyoitaja. Wengine mabawa yao ya juu ni mafupi kama kizibao, sehemu kubwa ya tumbo iko nje. Mstari wa katikati bado utauona.

Nipige picha ngapi, na za upande gani?

Nne: mgongoni moja kwa moja kutoka juu, ubavuni, usoni, na tumboni. Ukiweza ya tano, iwe ya kipapasio kwa karibu.

Watu hupenda kunitumia picha nzuri. Ua zuri, mwanga wa jioni, mdudu kidogo pembeni. Mimi nataka picha mbaya lakini yenye kazi: mdudu juu ya sahani nyeupe, kivulini karibu na dirisha, na rula ya skuli pembeni yake. Rula ni muhimu kuliko unavyodhani. Bila rula, fukusi wa milimita 3 na dundu la sentimita 3 huonekana sawa kwenye kioo cha simu. Huna rula, weka sarafu ya shilingi 200, lakini sema ni sarafu gani. Usiweke kidole, maana kidole cha mvuvi na cha mtoto wa darasa la pili si kipimo kimoja.

Akikataa kutulia, mtie kwenye kopo, kopo ulitie kwenye friji dakika kumi. Atapoa, utampiga picha, kisha atapata joto aende zake.

Kipapasio nakitaka kwa sababu ndicho kinachosema familia kabla ya kitu kingine chochote. Kikiwa kimevunjika kama kiwiko na mwisho wake umevimba, na mdudu ana pua ndefu, huyo ni fukusi. Kikiishia kwa vijani vinavyofunguka kama upepeo mdogo, yuko kwa jamaa za chonga, yule mwenye pembe anayeshambulia minazi. Kikiwa kirefu kuliko mwili, tafuta kwa wale ambao funza wao hutoboa miti.

Miguu nayo ina yake. Mwisho wa kila mguu kuna unyayo wa pingili pingili. Kuna wawili weusi wanaokimbia chini ya mawe ambao kila mtu huwachanganya. Mmoja ni mwindaji, ana pingili tano kwenye miguu yote sita. Wa pili anakula uozo, naye ana tano kwenye miguu ya mbele na ya kati, lakini nne tu kwenye ya nyuma. Ndiyo maana naomba picha ya tumboni ambayo watu huona ni ya bure.

Kwa nini kila mara unauliza "umemkuta wapi"? Si nimesema Zanzibar?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoharibikiwa zaidi.

"Zanzibar" ni visiwa vyenye historia mbili tofauti. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa maji haba. Zama za barafu, bahari iliposhuka, Unguja ilikuwa imeungana na bara, ikatengana tena bahari ilipopanda miaka kama 10,000 iliyopita. Pemba ina mkondo wenye kina cha mamia ya mita na imekaa peke yake muda mrefu mno kuliko huo. Ndiyo maana Pemba ina popo wake mkubwa na ndege wake wanne wasiopatikana kwengine popote duniani. Mdudu aliyetoka msitu wa Ngezi, Pemba, na mdudu aliyetoka msitu wa Jozani, Unguja, wanaweza kufanana kama mapacha na bado ikafaa kuwatazama upya. Ukiniandikia "Zanzibar" tu, umeniondolea swali hilo kabla sijaliuliza.

Kosa hili ni la zamani. Karne ya 19 wasafiri wa Ulaya walikusanya wadudu wengi pwani yetu. Sampuli za safari za Baron Carl Claus von der Decken, aliyeuawa kwenye Mto Juba mwaka 1865, zilielezwa na Mjerumani Gerstaecker mwaka 1873, na humo mna wadudu walioandikwa wametoka Zanzibar. Tatizo ni kwamba enzi hizo Zanzibar lilikuwa jina la kisiwa, la mji, la bandari ambako masanduku yalipakiwa, na pia la milki ya Sultani hadi pwani ya bara. Kwa hiyo mdudu mwenye lebo "Zanzibar" kwenye droo ya makumbusho ya Ulaya huenda alikamatwa Mji Mkongwe, na huenda alikamatwa mwendo wa siku kadhaa ndani ya bara akapita hapa ndani ya sanduku tu. Mtu akitaka leo kujua kama mdudu fulani aliwahi kuishi Unguja, lebo ile haimsaidii. Aliyemkamata ameshakufa, hakuna wa kumuuliza.

Basi andika hivi: kisiwa, wilaya, shehia au kijiji, na mahali hasa (shamba la mikarafuu, ukuta wa msikiti chini ya taa, ndani ya gunia la kunde). Halafu tarehe pamoja na mwaka. Halafu nani aliyemkamata. Kama simu yako inatoa namba za GPS, ziandike.

Jambo moja kuhusu WhatsApp: ukituma picha kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ubora na taarifa za mahali zinapotea. Itume kama dokumenti.

Programu ya simu imenipa jina mara moja. Niliamini?

Lichukue kama dokezo. Programu hizi zimefundishwa kwa picha, na picha nyingi duniani zimepigwa Ulaya na Marekani. Ukimwonyesha chonga wetu, inaweza kukutajia Oryctes nasicornis, ambaye ni wa Ulaya. Jenasi imepata, spishi imekosa. Uliza kila mara: mdudu aliyetajwa anapatikana Afrika Mashariki? iNaturalist, mojawapo ya programu hizo, ina ramani ya kila spishi, itazame kabla hujafurahi. Uzuri wake mwingine ni kwamba picha yako inabaki pale na mahali pake, mtaalamu wa mbali anaweza kuisahihisha hata baada ya miaka.

Nina wadudu wawili wa minazi, mmoja ana pembe ndefu na mwengine ana kinundu tu. Ni aina mbili?

Karibu kila mara ni dume na jike wa chonga, Oryctes monoceros. Dume ana pembe iliyopinda nyuma, jike ana fupi. Lakini pembe inadanganya: dume aliyekula vibaya utotoni hukua mdogo na pembe yake huwa fupi vilevile. Mgeuze umtazame ncha ya tumbo. Jike ana manyoya mekundu-mekundu pale nyuma, dume ni laini.

Anayetoboa kuti ni mdudu mzima. Huingia kwenye moyo wa mnazi, na kuti likifunguka baadaye utaona limekatwa kama kwa mkasi, kwa umbo la V. Funza wake hagusi mnazi ulio hai, anaishi kwenye magogo yaliyooza na marundo ya samadi. Mtu akikuletea funza kutoka ndani ya shina la mnazi ulio hai, asiye na miguu, basi fikiria fukusi mkubwa wa jenasi Rhynchophorus. Yule wa Afrika, Rhynchophorus phoenicis, ni mweusi mwenye michirizi miwili myekundu kifuani, na hupenda kuingia kupitia majeraha aliyoyaacha chonga.

Wadudu wa jikoni na ghalani je? Wote si ni wale wale?

Ndio wanaoletwa kwangu zaidi kuliko wote, na ndio wanaonitoa jasho zaidi.

Anza na chakula chenyewe, kitakupunguzia nusu ya kazi. Kunde zenye matundu ya mviringo, safi kama yaliyotobolewa kwa msumari, na mdudu mnene mfupi ambaye mabawa yake hayafuniki ncha ya tumbo: hao ni Callosobruchus. Mbata au ng'onda zenye mdudu wa buluu-kijani anayeng'aa, miguu myekundu: Necrobia rufipes, huyo wa Wete niliyemtaja mwanzo. Huyu ni katika wachache ninaowataja kwa picha moja bila wasiwasi.

Viungo vya soko la Darajani vina wageni wawili wa kahawia, wadogo, wa milimita 2 hadi 3, ambao wauzaji huwaita kwa jina moja. Lasioderma serricorne kipapasio chake kina meno kama msumeno na mabawa yake ni laini bila mistari. Stegobium paniceum ana mistari iliyochimbika mabawani, na pingili tatu za mwisho za kipapasio zimekuwa kubwa. Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha kuwatenganisha. Simu peke yake hapana.

Unga una Tribolium wawili wekundu-kahawia. T. castaneum pingili tatu za mwisho za kipapasio zinavimba ghafla. T. confusum zinanenepa pole pole. Jina confusum lenyewe linatokana na kuchanganyikiwa, na aliyelitoa nadhani alikuwa amechoka kama mimi.

Sasa mchele. Mwaka juzi jirani alinigongea mlango ameshika sinia la mapembe, fukusi wanatembea. "Mwalimu, hawa ni wa mchele au wa mahindi? Nataka kumwambia muuzaji." Nilimjibu sijui, akanitazama kama niliyemnyima chumvi. Ukweli ni kwamba Sitophilus oryzae na Sitophilus zeamais wote wana pua, wote wana madoa manne ya rangi ya kutu mabawani, na wote hula mchele na mahindi pia. Kwa nje hakuna alama ya kuaminika. Inabidi kumpasua dume chini ya hadubini na kutazama kiungo chake cha uzazi: cha zeamais kina mifereji miwili kwa juu, cha oryzae ni laini. Nilimpasua mmoja mbele ya jirani, kwa sindano mbili na tone la maji, nikakuta mifereji. Alifurahi, akaondoka na sinia lake kulianika juani. Kwa kuwaondoa wadudu, jina halikuwa na tofauti yoyote.

Kwa hiyo lini picha haitoshi, nikulete mdudu mwenyewe?

Pale tofauti iko ndani ya mwili, pale mdudu ni chini ya milimita 5, au pale unadhani umepata kitu ambacho hakijawahi kuonekana kisiwani. Hili la tatu lina uzito wake: picha haiwezi kugeuzwa ikatazamwa upande usiopigwa.

Nimuue na kumhifadhi vipi?

Mgandishe siku mbili kwenye friza, ndani ya kopo lililofungwa. Ni njia safi na haina sumu. Baada ya hapo una njia mbili. Wadudu wengi wanaweza kukaa kwenye spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa. Ukitaka apimwe DNA, tafuta yenye asilimia 95 au zaidi. Wenye manyoya au vumbi la rangi usiwatie kwenye spiriti, wakaushe.

Ukimchoma sindano, ichome kwenye bawa la kulia, karibu na juu, isipite katikati. Dunia nzima inafanya hivyo, na faida yake ni kwamba mstari wa kati na bawa la kushoto hubaki salama. Sindano za cherahani hushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, mwaka mmoja tu mdudu amekatika vipande viwili. Wadogo gundishe ubavuni kwenye ncha ya kipande cha kadi, kwa gundi inayoyeyuka kwa maji. Aliyekwisha kukauka mkavu na miguu imekunjwa, mtie kwenye kopo lenye karatasi ya choo iliyoloa na tone la dawa ya kuua vijidudu, siku moja au mbili. Atalainika.

Maadui ni sisimizi, ukungu, na vijibawakawa vya Anthrenus ambavyo funza wao hula wadudu wakavu. Ndiyo, mbawakawa anakula mbawakawa kwenye sanduku lako. Ukiona unga chini ya sampuli, sanduku zima lirudi friza.

Naweza kuandika lebo kwa kalamu ya kawaida?

Usifanye hivyo. Niliwahi kukusanya chupa kumi na moja Micheweni, nikaandika kila lebo kwa biro nzuri ya buluu na kuitia ndani ya spiriti pamoja na mdudu. Nilipofika Chake Chake spiriti ilikuwa na rangi ya samawati na karatasi zilikuwa nyeupe. Wadudu wazima, hawana kwao. Nilikumbuka watatu kwa uhakika, wanane nikawaandikia "Pemba" tu, na mpaka leo nikiwatazama naona aibu. Tumia penseli. Haitoki kwenye spiriti.

Nimepata funza. Anaweza kutambuliwa?

Familia, ndiyo. Zaidi ya hapo mara chache. Aliyejikunja kama herufi C na ana miguu sita ni wa jamaa za chonga. Njia bora ni kumfuga: mtie kwenye ndoo na kile kile ulichomkuta anakila, funika kwa chandarua, ngoja atoke mzima. Chonga anaweza kukuweka miezi.

Yupo wa kuogopa?

Wawili. Kwanza yule mwembamba, mwekundu na mweusi, mabawa mafupi, mwendo kama wa siafu, anayeitwa nzi wa Nairobi ingawa ni mbawakawa wa jenasi Paederus. Haumi. Ukimponda juu ya ngozi, majimaji yake huunguza, na lengelenge hutoka kesho yake au keshokutwa. Mpulize aondoke, ukishamgusa osha kwa sabuni, usijipanguse machoni. Wa pili ni jamaa wa familia ya Meloidae, shingo nyembamba, mabawa laini yenye mistari ya njano au nyekundu, huonekana kwenye maua. Naye majimaji yake hutoa malengelenge. Hao wapige picha, usiwashike.

Natakiwa kibali?

Nyumbani kwako na shambani kwako, hapana. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Ngezi, Masingini, Kiwengwa na misitu mingine ya hifadhi, usiokote hata mmoja kabla ya kuzungumza na watu wa Misitu. Kupeleka sampuli nje ya nchi kuna taratibu zake tofauti, ulizia mapema, usingojee uwanja wa ndege. Na mgeni akikuomba umtumie madundu kwa posta kwa malipo, kataa.

Skulini kwetu kuna sanduku la zamani la wadudu. Lebo zimeliwa. Tulitupe?

Msilitupe. Kwanza likae friza siku kadhaa, maana aliyezila lebo huenda bado yumo. Kisha mtafuteni mwalimu mstaafu aliyekuwapo, mketi naye, mmuulize wanafunzi walikwenda wapi kukusanya na mwaka gani. Atakachokumbuka kiandikeni kwenye lebo mpya kwa penseli, na juu yake muandike kwamba ni kumbukumbu ya mtu, na tarehe mliyomuuliza. Wale asiowakumbuka, andikeni "mahali hapajulikani". Hao wanafaa sana kwa darasa: watoto wahesabu pingili za miguu yao, tano tano nne.